Msumeno wa mnyororo wa kwanza: kabla hujaulaumu, uangalie ulivyofungwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la usalama yanafanana. Msumeno ni mpya, haukati, unatoa moshi kwenye mti badala ya kutoa maranda, na bapa (chuma kirefu ambacho mnyororo huzunguka) limeanza kuiva na kuwa la bluu. Mwenye mali anafika akiwa ameshaamua kwamba ameuziwa feki. Tukiufungua, mara nyingi mnyororo umevalishwa kinyume, au tangi la oili ya mnyororo halijawahi kutiwa kitu.

Tuanze na kuchagua. Kwa kazi ya kuni, ulizia kwanza unene wa magogo, halafu ndiyo uje kwenye ukubwa wa injini. Bapa la sentimeta 35 hadi 45 na injini ya cc 40 hadi 50 vinatosha kwa kuni za nyumbani. Gogo likizidi urefu wa bapa, linakatwa kutoka pande mbili. Bapa refu kwenye injini ndogo huichosha injini na mkataji, na ncha yake inakuwa mbali na macho, ambako ndiko ajali zinakoanzia. Msumeno wa betri unafaa kwa matawi na magogo ya wastani, ila nao unahitaji oili ya mnyororo, na betri itolewe kabla ya kugusa meno.

Ukinunua mnyororo wa akiba, nenda na namba zilizogongwa kwenye bapa: nafasi kati ya pingili (kwa mfano inchi 3/8 au .325), unene wa sehemu inayoingia kwenye mfereji wa bapa (milimita 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya pingili za chini, zile zinazoingia kwenye mfereji huo. Zote tatu zilingane. Mnyororo wa .325 haukai kwenye spoketi (gia inayouzungusha mnyororo) ya 3/8 hata ukibembelezwa vipi.

Sasa ufungaji, ambao tunauomba ufuatwe kwa mpangilio huu. Zima injini, acha ipoe, toa waya wa plagi. Vaa glavu. Makali ya meno yaliyo juu ya bapa yaelekee kwenye ncha, mbali na wewe. Rudisha kifuniko, kaza nati kwa vidole tu. Inua ncha ya bapa juu na uendelee kuishikilia hivyo, huku ukizungusha skrubu ya kukazia mpaka mnyororo uguse upande wa chini wa bapa bila kuning'inia. Ncha ikiwa bado juu, kaza nati kwa spana. Kisha vuta mnyororo kwa mkono: uzunguke bila kukwama. Usipozunguka, angalia kwanza kama breki ya mnyororo haijafungwa, maana watu hulegeza mnyororo uliokuwa sawa kabisa. Mnyororo mpya hutanuka, kwa hiyo ukaguliwe kila baada ya muda mfupi siku ya kwanza. Ukiukaza ukiwa wa moto, ulegeze kabla ya kuuweka, kwa kuwa ukipoa hunywea na unaweza kuharibu bapa na hata beringi za injini.

Mafuta ni ya aina mbili na matangi ni mawili. Injini ya tu-stroki hunywa petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu. Kama kitabu kinasema 50:1, hiyo ni mililita 20 kwa lita moja, au mililita 100 kwa lita tano. Pimeni kwa kipimo, siyo kwa kizibo cha chupa. Tangi la pili ni la oili ya mnyororo, na hujazwa kila unapojaza petroli. Na hapa tuseme wazi, kwa kuwa tumelirudia mpaka tumechoka: oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari si oili ya mnyororo. Ina vumbi la chuma linalosaga bapa, hainati inavyotakiwa, na matone yake yanarukia ngozi yako na udongo wako. Kuhakiki kama oili inafika, elekeza ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, piga resi kidogo: mstari mwembamba wa oili utajichora.

Kuwasha: sogea angalau mita tatu kutoka ulipojazia mafuta. Msumeno chini, breki ya mnyororo imefungwa, mkono wa kushoto kwenye mpini wa mbele, ncha ya kiatu cha kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kulia unavuta kamba. Kwenye mafunzo yetu, anayewasha huku msumeno unaning'inia hewani anatolewa uwanjani siku hiyo, na hatusikilizi hoja kwamba fundi fulani hufanya hivyo. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kupigwa resi, na breki imefunguliwa, mnyororo usisogee. Ukisogea, sailensa iko juu na irekebishwe kabla ya kukata.

Robo ya juu ya ncha ya bapa ndiyo inayorusha msumeno usoni ikigusa kitu. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kizungushwe chini ya mpini. Kinga ya masikio, miwani, helmeti, viatu vigumu na suruali ya kukinga, ile yenye nyuzi zinazoziba spoketi na kusimamisha mnyororo, zinunuliwe siku moja na msumeno. Suruali ya jinzi haikingi kitu.

Meno yakianza kutoa unga badala ya maranda, yanahitaji tupa ya mviringo; mnyororo wa .325 kwa kawaida hutumia ya milimita 4.8. Noa kwa kusukuma kwenda mbele tu, kwa mapigo sawa kila jino.

Mwisho, risiti ya msumeno si kibali cha kukata mti. Nchi nyingi zina taratibu za uvunaji, na kukamatwa bila kibali kunaweza kuleta faini au kutaifishwa kwa mashine. Uliza ofisi ya misitu inayohusika na eneo lako kabla ya kuvuta kamba, hata kama mti uko shambani kwako.