Ruyintan: mwili wa shaba na tundu lake moja

Katika Kiajemi, tan ni mwili. Ruy siku hizi ni zinki, lakini kwa washairi wa kale lilikuwa jina la shaba na michanganyiko yake. Ruyintan basi ni mtu mwenye mwili wa shaba: upanga ukimpata unarudi, mshale ukimfikia unaanguka. Nchini Iran sifa hiyo ikitajwa, wa kwanza kukumbukwa ni Esfandiyar mwana wa Shah Goshtasp. Habari zake zimo katika Shahnameh, utenzi mkubwa wa wafalme ambao Ferdowsi wa Tus aliumaliza mwaka 1010.

Wanaolinganisha ngano za mataifa wana alama yao kwa jambo hilihili. Katika faharasa ya Stith Thompson ya vipengele vya hadithi ni Z311: shujaa hadhuriki ila mahali pamoja. Faharasa inamtaja Achilles, shujaa wa Wagiriki, na wengi huishia hapo: Achilles kisigino, Siegfried mgongo, Esfandiyar macho, Liongo kitovu. Orodha hiyo haina kosa, ila haifundishi kitu. Anayetaka kulinganisha kweli amuulizie kila shujaa mambo matatu: anadhurika wapi, kwa kitu gani, na siri ilitoka kinywani mwa nani.

Tuanze na Esfandiyar. Baba yake alimwahidi kiti cha enzi, kisha akawa anampiga danadana. Kila kazi ikiisha, inazuka nyingine. Jamasp, mnajimu wa mfalme, alikuwa amekwisha kusema kwamba kijana atafia Zabolestan, mkononi mwa Rostam, shujaa mkuu wa Wairani. Goshtasp akamtuma hukohuko, amlete Rostam akiwa amefungwa. Rostam yuko tayari kwenda kwa mfalme, lakini si kwa pingu. Wanapigana. Siku ya kwanza Rostam anatoka ametobolewa mishale, farasi wake Rakhsh hoi, na Esfandiyar hana mkwaruzo.

Usiku huo Zal, baba yake Rostam, anachoma unyoya wa Simorgh, ndege aliyemlea utotoni. Simorgh anakuja, anachomoa mishale, anaponya majeraha, kisha anaeleza kama fundi anayempa mwanagenzi kazi. Tafuta mtamariski. Kata tawi lake refu. Linyooshe juu ya moto, litie ncha mbili na manyoya matatu, ulichovye katika mvinyo. Mbembeleze kwanza, akikataa, lenga macho. Kuna onyo pia: atakayemuua Esfandiyar hatapata raha duniani wala akhera.

(Kwa mti huo, tahadhari kidogo. Biblia ya Kiswahili ya zamani inasema Ibrahimu alipanda mkwaju Beer-sheba. Mti uliokusudiwa pale ni huu mtamariski, kichaka cha majani membamba kinachostahimili chumvi na ukame. Hauna uhusiano na ukwaju wa kwenye juisi. Ukiusoma mshale wa Rostam kuwa wa mkwaju, umepoteza jangwa lote.)

Sasa maswali yetu matatu. Mahali ni macho. Kitu ni mti fulani, hakuna kingine. Aliyetoa siri ni ndege, si ndugu wala mke. Katika kisa hiki hakuna msaliti wa nyumbani, yuko baba tu, aliyejua mwisho tangu mwanzo. Esfandiyar mwenyewe, akiwa anakata roho, anamlaumu Goshtasp na si Rostam. Na mwanawe Bahman anamkabidhi Rostam huyohuyo amlee.

Weka wengine kando yake. Achilles ana mahali tu. Chuma chochote kingefaa. Siegfried wa Wajerumani, katika utenzi wa miaka ya 1200 hivi, alioga damu ya joka, jani la mlindeni likamwangukia katikati ya mabega na pale pakabaki laini. Naye ana mahali tu. Mkewe Kriemhild ndiye aliyeishona alama kwenye vazi lake, akidhani anampa Hagen, mtumishi wa kaka zake, njia ya kumlinda. Hagen akamchoma mkuki hapohapo, Siegfried akiwa ameinama kunywa maji chemchemini. Baldr, mungu wa Waskandinavia, ni kinyume chao: hana mahali, ana kitu. Kila kiumbe kiliapa kutomdhuru isipokuwa mmea mdogo unaoota juu ya miti mingine. Loki, mungu mlaghai, akaipata siri kwa mama yake Baldr, akampa kipofu Hodr, ndugu yake Baldr, tawi arushe.

Wenye vyote viwili, mahali na kitu, ni wachache, na mmojawapo ni wetu. Fumo Liongo hafi ila kwa sindano ya shaba, tena kitovuni. Ukikosea kimojawapo hafi. Kwa hiyo anayefanana zaidi na Esfandiyar kwa muundo ni Liongo, si Achilles ambaye jina lake liko kwenye faharasa. Na kwa swali la tatu wanaachana kabisa: siri ya Liongo aliitoa Liongo mwenyewe, kwa mwanawe, aliyekuwa ametumwa na maadui wa baba yake. Huku baba anamuuza mwana, kule mwana anamuuza baba. Mimi naona hapo ndipo penye faida ya ulinganishaji wote huu. Kisigino na kitovu ni mapambo.

Inashawishi kusema hadithi ilisafiri. Pwani yetu ina bandari na nahodha, maneno ya Kiajemi. Makunduchi wana Mwaka Kogwa, ambao asili yake huhusishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Na wapo wanaojiita Washirazi. Lakini neno la bandarini halithibitishi hadithi ya vitani. Ili kudai mkopo lazima upate jambo la ajabu ambalo kisa kingeweza kwenda bila hilo, na liwepo pande zote mbili. Unyoya wa Simorgh, mvinyo na mtamariski havimo kwa Liongo. Wala kwa Esfandiyar hakuna lile la kisimani: Liongo amechomwa, amejikokota hadi mahali pa kuteka maji, amepiga goti na kuvuta upinde, akafa vilevile. Mji mzima unakaa na kiu siku kadhaa ukidhani yu hai, mama yake anaombwa aende kumbembeleza, hadi maiti ianguke yenyewe. Hilo ni la Waswahili.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuchanganya tabaka za wakati. Kisigino cha Achilles hakimo katika Homeros, mshairi wa kale wa Wagiriki. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya Troya, mkuki wa Asteropaios unamkwaruza mkono na damu inatoka. Mwili wa kuzamishwa mtoni unaonekana kwa Statius, Mrumi wa karne ya 1. Vivyo hivyo Shahnameh haisimulii Esfandiyar alipataje mwili wake. Kwamba Zartosht, nabii wa Iran ya kale, alimpa komamanga ni ya utenzi mwingine, wa karne ya 13, na kwamba aliogeshwa maji akafumba macho ni ya wasimulizi wa mdomo. Ukiyamimina yote chungu kimoja, unalinganisha kitu ambacho hakuna mtu wa zama yoyote aliyewahi kukisikia. Kwa Liongo pia taja unasoma kipi: nathari aliyochapisha Edward Steere mwaka 1870, au utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913.

Kosa la pili liko kwenye ushairi. Shahnameh ina bayti 50,000 hivi. Kila nusu ya bayti ina silabi 11, na nusu mbili zina kina kimoja, kisha bayti inayofuata inabadili kina. Utenzi wetu una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vikiwa na kina kimoja na cha nne kikishika kina cha bahari, yaani kile kinachorudi kila ubeti, hadi mwisho. Usihesabu 11 dhidi ya 8. Kiajemi kinapima silabi fupi na ndefu, fupi-ndefu-ndefu kama mwendo wa farasi. Kiswahili kinahesabu silabi tu. Matokeo yake yanasikika: mabishano marefu ya Rostam na Esfandiyar mezani, kila mmoja akijisifia ukoo, yanakimbia bila kugeuka nyuma, wakati utenzi hurudi nyumbani kila ubeti.

Kuna swali la nne ambalo faharasa hailijui: aliyeua alipata nini? Hagen alikatwa kichwa na Kriemhild kwa upanga wa Siegfried mwenyewe. Rostam alitumbukia na Rakhsh katika shimo la mikuki alilochimbiwa na Shaghad, ndugu yake kwa baba, na baadaye Bahman, yule mtoto aliyemlea, akaja kulipiza kisasi juu ya nyumba yake. Mwana wa Liongo aliahidiwa ufalme. Katika masimulizi ya Steere, waliomtuma walimkamata wakamuua, na ufalme hawakumpa.