Msongamano wa setilaiti: kwa nini intaneti ya dishi huchoka

Msongamano wa setilaiti ni hali ya watumiaji wengi kugawana uwezo mmoja wa kupitisha data ulioko angani, hadi kila mmoja akabaki na kidogo. Ndiyo sababu kubwa inayofanya nyumba ya kijijini ifurahie intaneti ya dishi mwanzoni, kisha baadaye video zikawa zinazunguka tu. Dishi ni lile lile, malipo ni yale yale, na fundi keshapanda paani asione kasoro.

Huku Tanga wengi tumeijua setilaiti kupitia televisheni, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Muheza, Pangani au Handeni, dishi la Azam si jambo la ajabu. Jirani akinunua la kwake, picha yako haipungui chochote. Kijiji kizima kikiangalia Simba na Yanga, setilaiti haielemewi, kwa sababu inarusha matangazo yale yale kwa wote na king'amuzi kazi yake ni kupokea. Intaneti sivyo ilivyo. Kila nyumba inaomba kitu chake, na ombi lenyewe lazima lipande juu kwanza. Huyu anajaza fomu ya mkopo wa chuo, yule anatazama tamthilia, watoto wa pale wako TikTok, na kila mmoja anakata kipande chake katika uwezo ule ule.

Uwezo huo hushushwa kwa miale. Mwale mmoja wa setilaiti ya intaneti unaweza kufunika eneo la mamia ya kilomita, yaani mkoa mzima wa Tanga na mikoa jirani ndani yake. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mwale wenye uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde, na wateja 2,000. Usiku robo yao wakiwa hewani kwa pamoja, ni nyumba 500, na kila moja inapata megabiti 2. Video safi huhitaji kama megabiti 5. Kampuni ikiongeza wateja wafike 4,000 bila kuongeza kitu angani, fungu la kila nyumba linakuwa megabiti 1, na hakuna kilichoharibika popote.

Kampuni haiwezi kumtengea kila mteja kasi yake kamili, maana bei isingeshikika. Inakisia kwamba si wote watafungua mtandao kwa wakati mmoja. Kisio hilo hufaulu saa nne asubuhi na hushindwa saa mbili usiku. Ndipo linapokuja sharti la kifurushi: ukishatumia kiasi fulani cha data, kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Wateja huliona sharti hilo kama uchoyo. Mimi naliona ni mgao, kama mgao wa umeme, ila matangazo ya biashara huwa hayautaji kwa jina hilo.

Mbona wasiongeze uwezo? Mnara wa simu ukizidiwa, mafundi wanapanda na kuuongezea vifaa. Setilaiti ya mtindo wa zamani inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, huundwa ili idumu miaka kama 15, na ikisharushwa ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 2023 kampuni ya Viasat ya Marekani ilirusha setilaiti kubwa iliyotarajiwa kuleta nafuu. Antena yake haikufunguka sawasawa, na kampuni ikatangaza kwamba ingetoa chini ya asilimia 10 ya uwezo uliopangwa.

Umbali huo una adhabu nyingine, isiyotokana na msongamano. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka: jumla ni kama kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Mjukuu anamwamkia bibi kwa video, "Shikamoo", kimya, anarudia, na "Marahaba" ya kwanza inagongana na shikamoo ya pili. Kununua kifurushi kikubwa zaidi hakuondoi hilo.

Kwa Tanzania huduma ya namna hii ilishapungua umuhimu mara moja. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu na dunia ya nje ilitegemea sana setilaiti. Baadaye setilaiti ikabaki zaidi kwa ofisi, benki na sehemu ambazo nyaya hazijafika. Marekani, ambako familia nyingi za vijijini ziliitegemea, HughesNet, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2020, wakiwamo wa Amerika ya Kilatini. Kufikia 2024 walikuwa chini ya milioni moja. Wengi walivutwa na nyaya, minara, na Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti za mtindo mpya.

Setilaiti za Starlink huzunguka chini, kama kilomita 550 kutoka ardhini, na ni maelfu. Shikamoo inajibiwa papo hapo. Lakini msongamano haukufutika. Kenya, ambako huduma hiyo ilianza Julai 2023, ilipofika Novemba 2024 kampuni ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Waliojaa ni wa mjini. Katika mfumo huu ardhi imegawanywa vipande vidogo, kwa hiyo nyumba ya Kilindi yenye majirani wachache ingekuwa na nafuu kuliko ya Ngamiani, Tanga mjini. Ni mara chache mwanakijiji anafaidika kwa kukaa mbali.

Mabonde ya Lushoto na misitu ya Amani ni habari nyingine. Dishi la TV linatosheka na upenyo mmoja kati ya miti, kwa sababu setilaiti yake haisogei. Hizi za chini zinapita, hivyo dishi lake linataka anga pana, na mlima au mti mkubwa ukiziba upande mmoja, mtandao unakatika kila baada ya muda mfupi. Mvua kubwa za masika nazo hudhoofisha mawimbi ya aina zote mbili.

Anayefikiria kuvusha dishi la Starlink kutoka Kenya kupitia mpaka wa Horohoro aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Mtoa huduma anahitaji leseni, na kifaa kinahitaji kuidhinishwa. Anayeuziwa huduma yoyote ya setilaiti aulize setilaiti yenyewe ni ya juu au ya chini, na kasi inashushwa baada ya gigabaiti ngapi. Kisha aombe kupimiwa kasi saa mbili usiku, kabla hajalipa, kwa jirani ambaye tayari anaitumia.