Sindromu ya Down: iko kwenye kromosomu, lakini mara chache hurithiwa

Mtoto akizaliwa na sindromu ya Down, mara nyingi swali la kwanza la ndugu halimhusu mtoto mwenyewe. Linahusu ukoo: "Hivi kwao kuna mtu wa namna hii?" Mawifi wanatazama upande wa mama, na kwa mama nao wanatazama upande wa baba. Ni swali linaloumiza, na karibu kila mara halina jibu, kwa sababu tatizo halikutoka kwenye ukoo wowote. Watu wakisikia "ni mambo ya jeni" huelewa "amerithi". Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na hesabu. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani vifurushi vidogo vinavyobeba jeni (maagizo ya kuujenga mwili), zikiwa zimepangwa jozi 23 mfano wa viatu: kimoja cha mama, kimoja cha baba. Jozi hizo zimepewa namba kuanzia kubwa kwenda ndogo. Namba 21 ndiyo ndogo kuliko zote (waliozipanga walikosea kidogo, maana 22 inaishinda kwa ukubwa). Mwenye sindromu ya Down ana kromosomu 21 tatu badala ya mbili, na hali hiyo huitwa trisomia 21. Jeni zilizo ndani yake hazijaharibika hata moja. Kilichotokea ni kwamba maagizo yake, yanayobebwa na jeni zaidi ya 200, yanafika mwilini mara moja na nusu ya kiasi cha kawaida, na ukuaji wa ubongo, moyo, misuli na sura unafuata kiasi hicho. Kromosomu kubwa zaidi zikizidi, mimba kwa kawaida huharibika mapema. Mtoto mwenye 21 ya ziada huweza kuzaliwa na kuishi kwa sababu kromosomu hiyo ni ndogo.

Neno Down, kwa wanaodhani lina maana ya "chini", ni jina la mtu: John Langdon Down, daktari wa Uingereza aliyeieleza hali hii mwaka 1866. Chanzo chake kwenye kromosomu kilijulikana baadaye sana, mwaka 1959 huko Paris, katika kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin.

Sasa, hiyo ya tatu inatoka wapi? Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, kila jozi hupaswa kuachana, ibaki kromosomu moja moja, jumla 23. Mara nyingine jozi ya 21 inagoma kuachana. Yai linatoka na 21 mbili, linakutana na mbegu yenye moja, zinakuwa tatu. Hivi ndivyo inavyotokea kwa takriban watoto 95 katika kila 100 wenye sindromu hii, na kwa karibu tisa kati ya kumi wa hao kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai.

Kwa nini yai? Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yalianza kugawanyika angali tumboni mwa mama yake, yakasimama katikati ya kazi. Kila moja linasubiri hivyo hivyo hadi mwezi wake wa kupevuka ndipo liendelee. Yai linalopevuka mwanamke akiwa na miaka 40 limesubiri miaka 40, na vile vinavyoshikilia jozi mahali pake hulegea kwa kusubiri. Ndiyo maana umri wa mama una uzito: akiwa na miaka 20 ni takriban mtoto 1 kati ya 1,500, akiwa na 35 ni 1 kati ya 350, akifika 40 ni 1 kati ya 100. Hata hivyo, watoto wengi wenye sindromu ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa wao ndio wanaozaa zaidi.

Naomba mama yeyote anayejilaumu asome hapa mara mbili. Siku ulipogundua kwamba hedhi imechelewa, jambo hili lilikuwa limekwisha kutokea. Si chakula ulichokula, si ugomvi wa nyumbani, si dawa ya mtu, si kumtazama mlemavu njiani.

Aina nyingine, takriban 1 hadi 2 katika 100, huitwa mozaiki: baadhi ya seli zina kromosomu 46, nyingine 47. Nayo hairithiwi.

Urithi unaingia kwenye kundi dogo la 3 hadi 4 katika 100. Hapa kromosomu 21 ya ziada imegandana na nyingine, mara nyingi ile ya 14. Wengi wa watoto hawa pia ni wa kwanza kabisa katika ukoo wao. Lakini kwa wachache, mzazi mmoja anabeba mgandano huo bila kujua. Ukimhesabia kromosomu utakuta 45, ila hajapungukiwa na kitu cha maana. Ana afya yake, huenda tu mimba zimewahi kuharibika mara kwa mara. Mbebaji akiwa mama, uwezekano wa kupata mtoto mwenye sindromu ni takriban 10 hadi 15 katika 100 kwa kila mimba. Akiwa baba, ni mdogo zaidi. Ikiwa 21 imegandana na 21 mwenzake, kila mtoto wa mzazi huyo atakayezaliwa hai atakuwa nayo.

Sura ya mtoto haiwezi kukwambia ni aina ipi. Kinachosema ni kipimo cha kromosomu kwa damu yake. Kikionyesha trisomia ya kawaida, uwezekano wa mama huyo kupata mwingine ni takriban 1 katika 100, au ule wa umri wake kama ni mkubwa zaidi. Dada na kaka za mtoto hawabebi chochote, hata wakiulizwa siku ya posa. Kikionyesha mgandano, wazazi wapimwe, na yule atakayekutwa nao awaambie ndugu zake wa damu nao wapimwe kabla hawajazaa.