Rangi halisi ya silaha za vita: maana yake na namna ya kuitafuta

Anayekarabati mzinga wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia huanza kwa kuuliza, "Mizinga ya Wajerumani ilikuwa na rangi gani?" Swali hilo halina jibu moja. Rangi halisi ni ile ambayo mzinga huohuo, si mwingine wa aina yake, ulipakwa katika kipindi fulani cha utumishi wake, na ambayo ushahidi wake upo. Kwa maana hiyo mzinga mmoja unaweza kuwa na rangi halisi tatu au nne zilizolaliana, na mkarabati analazimika kuchagua ni ya mwaka gani anayotaka kuirudisha. Bila mwaka, hakuna rangi halisi.

Mzinga wa Kijerumani wa mwaka 1941 ulitoka kiwandani na kijivu cha giza, kile ambacho leo hutambulika kwa namba RAL 7021 katika orodha ya viwango vya rangi ya Kijerumani. Februari 1943 ikatolewa amri kwamba rangi ya msingi sasa iwe manjano, Dunkelgelb. Juu yake vikosi vilipewa kijani na kahawia-nyekundu, rangi nzito ya makopo ambayo askari waliizimua wenyewe kwa petroli, na petroli ilipoadimika, kwa maji. Mmoja alipulizia kwa pampu, mwingine alipaka kwa brashi, na kila mmoja alizimua kwa kadiri ya alichokuwa nacho. Ndiyo maana mizinga miwili ya kikosi kimoja ingeweza kutofautiana waziwazi, na yote miwili ikawa sahihi. Anayedai kwamba Dunkelgelb ilikuwa na sura moja tu hajaitazama historia hiyo vizuri.

Kwa Waingereza sababu ilikuwa nyingine. Oksidi ya kromiamu, inayotia rangi ya kijani, ilikuwa adimu, hivyo mwaka 1942 jeshi likahamia kahawia iliyoitwa SCC 2, namba katika orodha yake ya rangi za kujificha. Aprili 1944 ikaamriwa SCC 15, kijani cha zeituni kinachokaribia kile cha Wamarekani, ili magari yaliyopokelewa kutoka Marekani yasihitaji kupakwa upya. Mzinga wa ratili 25 uliotengenezwa mwaka 1943 ukiurudishia kijani cha 1944, hujakosea, ila umechagua mwaka mwingine. Sema hivyo kwenye maelezo yake.

Ushahidi bora umo kwenye chuma chenyewe, mahali ambapo jua na brashi za baadaye hazikufika: nyuma ya kibao cha namba, chini ya mabano yaliyofungwa kwa skrubu, ndani ya visanduku vya vifaa. Mahali palipopakwa mara nyingi, chukua msasa laini wenye maji na usugue duara dogo, taratibu, ukizidisha katikati. Matabaka hutokeza moja ndani ya jingine kama pete za shina la mti: kijani cha baada ya vita, chini yake manjano, chini zaidi kijivu, na mwisho rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Yatazame yakiwa yamelowa, kwa sababu rangi iliyokauka na kuchakaa huonekana nyeupe-nyeupe kuliko ilivyokuwa. Kisha acha kipande kimoja cha rangi ya zamani bila kukigusa. Wakarabati wengi hukisugua chote kwa kutaka usafi, na hapo ushahidi wenyewe hutoweka milele. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la kuchanganya rangi.

Hata tabaka lililohifadhiwa vizuri lisiaminiwe moja kwa moja. Mafuta ya kitani yaliyotumika katika rangi za zamani hugeuka manjano yakikaa gizani, na hivyo kijivu kinaweza kuelekea kijani. Linganisha sampuli kwa mwanga wa mchana na pia kwa taa, kwani rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana nje na kuachana ndani ya ghala.

Picha za zamani nazo husaidia kujua mpangilio wa mabaka, si rangi. Baadhi ya filamu nyeusi-nyeupe hazikuona wekundu kabisa, kwa hiyo nyekundu hutokea nyeusi. Namba za viwango pia zina tarehe. Kiwango cha rangi cha Marekani cha FS 595 kilitolewa mwaka 1956. Kopo lenye namba hiyo linaweza kukaribia rangi ya 1943, lakini hakuna askari wa 1943 aliyeijua namba hiyo.

Kwenye makombora na maganda, rangi haikuwa ya kujificha tu. Ilitaja kilichomo. Kwa Wamarekani, buluu iliashiria kombora la mazoezi. Kwa Waingereza, pete nyekundu karibu na ncha ilisema limejazwa. Kwa hiyo usiguse ganda kwa msasa kabla wataalamu wa milipuko hawajathibitisha kwamba ni tupu, na ukisugua rangi yoyote ya zamani vaa barakoa inayofaa na utumie maji, maana nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Ganda tupu likipakwa alama za lililojazwa, liandikwe pia waziwazi kwamba ni tupu, ili atakayelikuta baadaye asilazimike kukisia.