Je, mtoto aliye tumboni hujitetea vipi damu yake isipolingana na ya mama?

Mjamzito anayehudhuria kliniki Lamu huandikiwa katika kijitabu cha mama na mtoto kundi lake la damu, na kando yake Rhesus, yaani protini iliyo juu ya chembe nyekundu za damu: asiye nayo ni hasi, aliye nayo ni chanya. Wengi hulipita jambo hilo bila kuuliza, ilhali huwa na uzito mama akiwa hasi na mtoto akawa chanya kwa kurithi kwa baba.

Chembe nyekundu za mtoto zikiingia katika damu ya mama, aghalabu wakati wa kujifungua, kinga ya mama huziona ngeni na kuziundia kingamwili, yaani protini za kupambana nazo. Zile za mwanzo, za aina ya IgM, ni kubwa mno kuvuka kondo la nyuma, na mtoto huyo kwa kawaida amekwisha kuzaliwa salama. Katika mimba ifuatayo, mwili wa mama ulioweka kumbukumbu hutoa upesi kingamwili za aina ya IgG, ambazo kondo huzipitisha bila kizuizi, kwani kingamwili za aina hiyohiyo ndizo zimkingazo mtoto na maradhi.

IgG hizo huzishika chembe nyekundu za mtoto na kuzifanya zivunjwe. Mtoto mwenyewe hashambulii chochote, maana kinga yake bado ni changa. Awezalo ni kuzalisha damu: ini na wengu wake huvimba kwa kazi hiyo, na chembe zisizokomaa, ambazo bado zina kiini, huingia mishipani. Chembe zikivunjwa upesi kuliko zinavyoundwa, moyo huelemewa na maji hujaa mwilini. Bilirubini, yaani umanjano utokanao na chembe zilizovunjika, husafishwa na ini la mama mpaka siku ya kuzaliwa. Baadaye ini la mtoto hubaki peke yake, na macho yanaweza kugeuka manjano katika saa 24 za kwanza.

Tangu 1968 ipo sindano ya anti-D, inayoziondoa chembe za mtoto kabla kinga ya mama haijaamka. Hutolewa karibu na wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya. Saa hizo si nyingi kwa aliyejifungulia nyumbani Siyu au Faza, kisiwani Pate, anayengoja boti, nayo boti ikangoja maji yajae. Afadhali aulizie sindano mapema. Kingamwili zikishaundwa, sindano haifai kitu. Hapo mtoto hufuatiliwa, na akipungukiwa sana huongezewa damu kupitia mshipa wa kitovu angali tumboni, damu iliyo Rhesus hasi, ambayo kingamwili hizo za mama haziigusi.