"Kule kwa Shangazi": Kiingereza Kinavyoisema, na Mahali Tunapojikwaa

"Uko wapi?" "Niko hapa kwa mjomba." Hakuna Mswahili anayekwama kwenye mazungumzo hayo. Mtake huyohuyo ajibu kwa Kiingereza, na mara nyingi utasikia: "I am at my uncle." Mwingereza ataelewa, ila baada ya kusita kidogo, maana sentensi hiyo inamtaja mjomba mwenyewe, haitaji kwake. Alitarajia kusikia "I'm over at my uncle's." Vimepungua vitu viwili: over, na ile s ndogo ya mwisho pamoja na ritifaa yake, yaani alama hii (').

Sisi tunaofundisha Kiingereza watu wazima hukutana na kosa hili hata kwa waliokisoma miaka mingi. Lawama kubwa, kwa maoni yangu, ni yetu walimu. At tunaifundisha leo katika somo la vihusishi, over mwezi ujao katika vielezi, na 's inasubiri somo la umiliki. Vitu vitatu ambavyo Mwingereza huvitamka kwa pumzi moja, sisi hatuvikutanishi darasani hata siku moja. Kibaya zaidi, Kiswahili, ambacho kingelirahisisha somo lote, tunakiacha nje ya mlango.

Chukua hiyo "kwa" ya "kwa mjomba". Ni ileile -a ya umiliki iliyomo katika "kitabu cha mjomba" na "shamba la mjomba", ila hapa imevaa ku- ya mahali. Kinachomilikiwa ni mahali, na mahali penyewe hatupataji: ni nyumbani, dukani au ofisini, msikilizaji atajaza mwenyewe. Dar es Salaam kuna Kwa Aziz Ally na Kwa Mtogole. Nairobi kuna Mukuru Kwa Njenga. Hakuna abiria anayemuuliza kondakta, "Kwa Aziz Ally, kwenye nini chake?"

Kiingereza kinafanya jambo hilohilo kutoka upande wa pili. "My uncle's" ni "-a mjomba", na neno house limemezwa. "The doctor's" imemeza chumba cha daktari, "the barber's" imemeza kibanda cha kinyozi. Kanisa kuu la London huitwa St Paul's tu, na jina McDonald's lina 's hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kusema "kwa fulani" kwa Kiingereza, usitafute neno moja la kuweka badala ya "kwa". Nusu yake iko mbele ya jina, nayo ni kihusishi. Nusu nyingine iko nyuma ya jina, nayo ni 's. Anayesema "at my uncle" ametafsiri nusu ya kwanza akaishia hapo.

Kuna kipimo ambacho huwapa wanafunzi wangu na huwafaa zaidi ya kanuni za vitabuni. Kiswahili hakikubali -ni kwenye mtu: tunasema sokoni, shuleni, hospitalini, lakini hakuna "mjombani" wala "daktarini". Mtu anadai "kwa". Basi panapokuja -ni, Kiingereza hakitaki 's: at the market, at the hospital. Panapokuja "kwa" ya mtu, 's inakaribishwa: at my aunt's, at the tailor's. Kipimo hiki kinavuja kidogo kwenye nyama. Sisi twaenda buchani, na wao huenda to the butcher's, kwa kuwa neno lao lilipoingia kwetu liligeuka kutoka mtu likawa mahali. Na nyumbani ni mkaidi wa peke yake: home ikifuata kitenzi cha mwendo haitaki to, hivyo ni go home, come back home. Tena, "I went to the doctor" bila 's si kosa, kwa sababu kwenda kumwona daktari ndilo jambo lenyewe. Lakini "I went to Juma" inasema ulimwendea Juma alipokuwa, hata kama alikuwa amesimama barabarani. Kwake ni "to Juma's".

Kihusishi chenyewe kinahitaji uangalifu kwa sababu "kwa" haibadiliki. Yuko kwa Asha, amekwenda kwa Asha, ametoka kwa Asha: kazi ya kuonyesha mwendo tumekiachia kitenzi. Kiingereza kinabadilisha kihusishi kila mara: at Asha's, to Asha's, from Asha's.

Sasa tuje kwenye over na ndugu zake: up, down, round, out, back. Hivi ni vielezi vya mwelekeo, na hukaa mbele ya kihusishi. Ukiviondoa, sentensi inabaki sahihi. Kwa nini basi Mwingereza havikosi? Jibu limo ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Sisi pia hatusemi "kwa Mangi" tupu tunapomtuma mtoto sukari. Tunasema "pale kwa Mangi". Bibi yuko "kule kwa shangazi". Pale na kule hazibadilishi anwani, zinamweleza msikilizaji jinsi mahali hapo palivyo ukilinganisha na tulipo. Over, down na round zinafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tunapima umbali na uwazi (pale panajulikana, kule ni mbali au hapana mipaka), na wao wanachora njia: kupanda, kushuka, kuvuka, kuzunguka, kurudi. Njia hizo kwetu ni vitenzi, kwao ni vielezi.

Ndiyo maana "over at Asha's" haina uhusiano na paa la Asha. Ni upande wa pili, ng'ambo ya nafasi fulani kati yetu. Round huonja ujirani, kama mtu anayepita kona moja. Out hutoka nje ya mji. Back ina siri yake: "She's back at her mother's" inadokeza kuwa aliwahi kuishi hapo, na akiwa ni mke wa mtu, msikilizaji wa Manchester atajiuliza lilelile ambalo wa Tanga angejiuliza akisikia "amerudi kwa mama yake".

Up na down zina mizengwe. Mlima ni sababu moja tu. Ramani ni nyingine: kaskazini ni up, kusini ni down, na huko Manhattan uptown ni kaskazini. Katika reli za Uingereza, njia iitwayo up kwa kawaida ni ile iendayo London, hata kama treni inateremka. Usijaribu kukisia kwa kutazama vilima. Sikiliza wenyeji wa mahali husika, uwaige.

Sikio nalo lina hila. Katika "over at my aunt's" mkazo uko kwenye over na aunt. At inatamkwa hafifu mno, karibu haisikiki. Mtaani London wapo wanaoiacha kabisa, wakisema "round my mum's". Isikie, usiiandike kwenye barua ya kazi. Na nyumba ikiwa ya wazazi wawili, ritifaa hukaa baada ya s: "at my parents'". Kwa sauti huwezi kuitofautisha na ya mzazi mmoja. Kalamu ndiyo inayotofautisha. Hata wenyewe wanayumba: kwenye njia ya treni ya Piccadilly jijini London, kituo cha Earl's Court kina ritifaa, na kinachofuata, Barons Court, hakina.

Kielezi kinapogusana na kihusishi, nafasi kati yao ina thamani. "He turned himself in to the police" ni mtu aliyejisalimisha. Bana in to iwe into, na mtu huyo amejigeuza kuwa polisi.

Na pale mwenye nyumba anapokuwa wewe mwenyewe, Waingereza hawahitaji hata jina: "Come round to mine." Mmarekani ana uwezekano mkubwa wa kusema "my place". Lakini hiyo mine ya Mwingereza, iliyomeza nyumba nzima, ni "kwangu" yetu kabisa: njoo kwangu.