Mgawanyo wa wajibu wa kulisha: mzazi ana lake, mtoto ana lake

Mgawanyo wa wajibu wa kulisha ni utaratibu wa nyumbani unaompa mzazi maamuzi matatu na mtoto mawili. Mzazi huamua kitakacholiwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Mtoto huamua kama atakula, na akila, atakula kiasi gani. Aliyeupanga hivyo ni Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe na mshauri wa familia wa Marekani, katika miaka ya 1980. Kuueleza ni rahisi. Kuishi nao ndiyo kazi, hasa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako sufuria ni moja, sahani mara nyingi ni moja, na mtoto anayesema "nimeshiba" wakati bugali (ugali) imebaki huhesabiwa kuwa anadeka.

Mimi naamini utaratibu huu ni adabu ya kweli. Mzazi anayepigana na mdomo wa mtoto wa miaka miwili ameingia vita asivyoweza kuvishinda. Unaweza kumkalisha, unaweza kumnyamazisha, lakini kumeza anameza mwenyewe. Bora mzazi ashike kwa nguvu yale yaliyo mikononi mwake, na hayo ni mengi.

Wengi huuliza mtoto mdogo anajuaje kipimo chake. Mwaka 1991 mtafiti Leann Birch na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia watoto 15 wa Marekani, wenye miaka 2 hadi 5, wakiandika kila walichokula mchana na usiku kwa siku 6. Mlo mmoja haukufanana na mwingine: asubuhi mtoto anakula sana, mchana anaonja tu. Lakini walipojumlisha siku nzima, kiasi cha nguvu (nishati) alichopata kila mtoto katika chakula hakikubadilika sana kutoka siku hadi siku. Aliyekula kidogo alifidia baadaye. Miaka mingi kabla yake, daktari Clara Davis aliwaacha watoto walioanza kuacha ziwa wachague wenyewe kutoka vyakula zaidi ya 30, na alipotoa taarifa mwaka 1939 watoto hao walikuwa wamekua vizuri. Davis mwenyewe alieleza kwamba siri ilikuwa katika orodha ya vyakula: kila kilichowekwa mbele yao kilikuwa chakula halisi, bila peremende wala vitu vya sukari. Watoto walichagua, lakini mtu mzima alikuwa amekwisha kuchagua kabla yao.

Kuna jambo jingine linalowatisha wazazi bure. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 akitimiza mwaka, yaani uzito mara tatu. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili na kitu tu. Kasi ya kukua imeshuka, na hamu ya kula hushuka pamoja nayo. Kwa hiyo yule aliyekuwa akimaliza kikombe cha buyi (uji) akiwa na miezi kumi anaweza kukiacha nusu akiwa na mwaka na nusu, bila ugonjwa wowote.

Sasa tuje upande wa mzazi, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi huteleza. Kuamua kitakacholiwa maana yake ni kwamba mtoto hapikiwi sufuria yake ya pekee kila anapokunja uso. Leo ni bugali, lengalenga (mchicha) na sambaza, wale samaki wadogo, basi ni hivyo kwa wote. Lakini mzazi mwenye kuamua anapaswa pia kufikiri. Bugali ya muhogo peke yake hujaza tumbo dogo haraka bila kuacha nafasi ya kinachojenga mwili. Mtoto akiachiwa achague kiasi, chakula anachochagua lazima kiwe na kitu ndani yake: maharagwe yaliyopondwa, sombe (kisamvu) yenye karanga au mawese, sambaza wa Ziwa Kivu wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao laini. Kwa wadogo zaidi, sambaza waliokaushwa husagwa vizuri na kuchanganywa na buyi. Buyi ya masoso, ya unga wa mahindi, mtama na soya, ni nzuri ikiwa nzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Ikimiminika kama maji, mtoto anashiba maji.

Saa ya kula ni jambo gumu zaidi. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza sokoni hupika akirudi, na nyumba nyingi huwasha jiko la makala (mkaa) mara moja kwa siku. Mtu mzima huvumilia. Mtoto hawezi: Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anayenyonya, kuanzia miezi 9 hadi miaka 2, apate chakula mara 3 au 4 kwa siku, pamoja na ziwa. Si lazima moto uwashwe mara nne. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana, ndizi mbivu, parachichi, buyi iliyowekwa kwenye temosi, vyote ni mlo kama vimepangiwa wakati na mtoto akakaa kuvila. Kinachoharibu utaratibu ni biskuti na bonboni anazopewa kila mgeni anapoingia na kila anapolia. Mtoto huyo hafiki saa ya chakula akiwa na njaa, halafu jioni anachapwa kwa kukataa sombe. Kosa si lake.

Upande wa mtoto unaanza pale sahani inapowekwa chini. Hapo mzazi anaacha kusukuma. Hambani pua ili afungue mdomo, hamlazi mapajani na kummiminia buyi kwa kiganja. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu bado linafanywa na mama wenye mapenzi mengi: mtoto anayelia huku anamiminiwa anaweza kupaliwa, na chakula kikiingia njia ya hewa huweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kubembeleza kwa malipo nako ni kusukuma. Ukimwambia "kula lengalenga nikupe soda", umemfundisha kwamba lengalenga ni adhabu na soda ni zawadi. Mboga ngeni ionjeshwe kidogo, iondolewe, irudi wiki ijayo. Watoto wengi huhitaji kuonja kitu mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Je, fimbo iko wapi katika haya? Haipo, lakini sheria zipo. Mtoto ananawa mikono. Anakaa, hakimbii na tonge mdomoni. Hatupi chakula, hadharau alichopika mama yake. Akianza kukirusha, sahani inaondolewa kwa upole: "Naona umemaliza." Hakuna makelele, na hakuna kingine hadi wakati mwingine wa kula, ambao kwa mtoto wa umri huo hauko mbali, saa mbili au tatu tu. Anajifunza haraka. Lakini kumwambia "leo utalala bila kula" kwa sababu amevunja kikombe ni jambo jingine kabisa. Mzazi amepewa kupanga saa ya mlo, hakupewa kuufuta. Chakula kikigeuzwa kuwa adhabu, mtoto hana tena hakika kwamba kitakuja, na mtoto asiye na hakika hula kwa pupa au huficha.

Sahani ya pamoja nayo inataka fikira. Ni shule nzuri: mtoto anajifunza kusubiri, kuchukua upande wake, kutomega tonge kubwa mbele ya wakubwa. Hata hivyo mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hushindwa pale. Anatafuna polepole, wenzake wa miaka saba wanamaliza mchuzi, naye anabaki na bugali kavu. Hapo hakuna aliyemwachia kuamua kiasi chake. Kasi ya wengine imemwamulia. Ushauri wa siku nyingi wa wahudumu wa lishe ni kumpa mdogo sahani yake mwenyewe, ili mama aone kwa macho alichokula. Koko, yaani bibi yake, anaweza kusema mnamtenga mtoto. Mwekeni basi kwenye mkeka uleule, katikati ya ndugu zake, na sahani yake mbele yake. Na sufuria ikiwa ndogo, kuamua kiasi kunahusu fungu lake: anaweza kuliacha au kulimaliza, hana haki ya kula la dada yake.

Utaratibu huu ni kwa mtoto mzima wa afya anayekua. Mtoto mwenye homa, kuhara, au aliyetoka kwenye surua hapaswi kuachwa tu kwa sababu amesema hataki. Yeye hubembelezwa kwa subira, kidogo kidogo, mara nyingi, na akianza kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 5, kituo cha afya hupima mkono wa mtoto kwa mkanda wenye rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Nyekundu ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo anahitaji matibabu. Njano nayo isipuuzwe. Miguu yote miwili ikivimba, ukibonyeza kwa kidole pakabaki shimo, usingoje mkanda wala siku ya kliniki: mpeleke siku hiyohiyo, hata kama uso wake umejaa na majirani wanasema amenenepa.